Mvi zangu na sare ya mwanafunzi

Nikiingia wodini asubuhi, wagonjwa wananiita daktari. Ndugu zao wananisimamisha kwenye korido wakitaka kujua majibu ya vipimo. Mama mmoja, ambaye kwa kumtazama tu ni mkubwa kwangu, aliniwahi na "shikamoo daktari" kabla sijafungua mdomo, nikabaki sijui niitikie lipi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nina miaka 46, mvi zimenishika pande zote mbili za kichwa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mkononi nimebeba mashine ya presha. Ninachoruhusiwa kufanya bila kusimamiwa ni kupima joto, mapigo, pumzi na presha, na kutandika vitanda.

Anayenisimamia ni sista ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Ndiye anayejua dripu ya kitanda cha nne inaisha saa ngapi, nani asipewe kitu kwa mdomo kwa sababu mchana anaingia chumba cha upasuaji, na nani alikesha akilalamika kifua. Yeye wanamwita "binti". Akimweleza ndugu wa mgonjwa jambo, yule ndugu anasikiliza nusu, kisha ananigeukia mimi niliyesimama nyuma: "Eti mzee, ni kweli?"

Kabla sijaanza masomo nilionywa mengi. Kichwa cha mtu mzima hakishiki kitu. Utakuwa babu wa darasa. Magoti hayatakubali. Mengine ni kweli na nitayafikia. Ila hakuna aliyenionya kwamba mvi zitautangulia ujuzi, na kwamba wodini nitakuwa na kazi ya ziada ya kuzirudisha nyuma kila siku. Kuaminiwa kabla hujajua ni hatari kwenye kazi hii. Mgonjwa akiniuliza kama anaweza kuendelea na vidonge alivyokuja navyo kutoka nyumbani, nami nikatikisa kichwa kwa adabu tu, yeye ameshachukua ruhusa. Kwa hiyo nina sentensi yangu: "Mimi bado mwanafunzi, ngoja tumuulize sista, ndiye anayejua." Naisema kwa sauti, na wa kitanda cha pili asikie. Kwenye beji neno MWANAFUNZI lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo ndogo. Nimelipitishia wino mzito.

Kazi niliyotoka nayo ni kutunza vitabu vya hesabu. Nilianza nikiwa kijana na sikuwahi kuichukia. Kilichonitoa huko ni kumuuguza kaka yangu baada ya ajali. Usiku mmoja nimekaa kando ya kitanda chake, akaja nesi akamshika kifundo cha mkono, kama wafanyavyo wote. Ila huyu alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyozoea. Macho yanakwenda kwenye saa, yanarudi kwenye shuka, yanakwenda kwenye saa. Mashine ilikuwa inaonyesha namba zilezile za jioni, kwangu mimi mambo yalikuwa sawa. Alipouachia ule mkono hakuniambia neno, akaenda moja kwa moja kumpigia daktari. Kabla hakujapambazuka kaka alikuwa amehamishiwa chumba cha uangalizi maalumu. Leo ni mzima, ananikopa hela.

Alichokuwa anafanya yule nesi nilikuja kukielewa darasani. Mtu akijua unazihesabu pumzi zake, anabadilisha upumuaji bila kukusudia. Kwa hiyo ukimaliza kuhesabu mapigo huondoi vidole. Unaviacha palepale kwenye mshipa, mgonjwa adhani bado unahesabu mapigo, huku macho yako yamehamia kifuani. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Unahesabu dakika nzima, siyo sekunde 15 kisha ukazidisha kwa nne. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikianza kupanda, 24, 26, mara nyingi mwili umeshaanza kuelemewa hata kama presha bado haijashuka. Na kwa bahati mbaya ndicho kipimo ambacho ni rahisi kukibuni. Ukishika chati za wodi ukakuta wagonjwa wote wanapumua mara 18, jua hakuna aliyehesabu.

Kwa mtu aliyeishi kwenye leja, namba ya kubuni ni dhambi ya kwanza, na labda ndiyo maana somo la historia ya uuguzi lilinishika kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa namjua Florence Nightingale, Mwingereza anayeitwa mama wa uuguzi wa kisasa, kwa ile picha ya mwanamke mwenye taa. Kumbe alikuwa mtu wa takwimu. Aliporudi kutoka vita vya Crimea, ambako Uingereza na washirika wake walipigana na Urusi, alichora michoro ya vifo mwezi kwa mwezi, akaonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa ya kuambukiza kuliko majeraha ya vita. Alizaliwa 1820, na shule yake ya uuguzi kwenye hospitali ya St Thomas, London, ilifunguliwa 1860. Toa hapo mwenyewe. Na Mary Seacole wa Jamaica, aliyezaliwa 1805, alikwenda Crimea kwa gharama zake baada ya wakubwa wa Uingereza kukataa ombi lake la kwenda kuuguza askari; alikuwa anakaribia miaka 50. Vijana wa darasani waliandika hiyo miaka kwa ajili ya mtihani. Mimi niliiandika kwa sababu zangu.

Hesabu za dawa, ambazo wenzangu wengi wanaziogopa, ndizo mapumziko yangu. Daktari ameandika mililita 1000 ziingie kwa saa 8, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Raha kabisa. Tofauti ni kwamba kwenye vitabu, kiasi kilichokosewa unakiandikia ingizo la kukifuta mwisho wa mwezi na maisha yanaendelea. Dawa ikishaingia mshipani haitoki. Ndiyo maana tunapigiwa kelele kila siku: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hata namna ya kuuliza jina inafundishwa. Humuulizi mgonjwa "wewe ndiye fulani?" kwa sababu aliyelewa dawa ya maumivu ataitikia jina lolote. Unamwambia akutajie mwenyewe, kisha unalinganisha na mkanda ulio mkononi mwake.

Sasa mwili. Macho ndiyo yaliyonisumbua mapema. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, vya karibu vinapotea, na maandishi kwenye kichupa cha dawa ya sindano yameandikwa kana kwamba hayakukusudiwa kusomwa. Bomba la sindano ya insulini limegawanywa vipimo 100 ndani ya mililita moja. Bila miwani, ile mistari naiona kama ukungu. Nilitafuta miwani nzuri kabla ya kununua kitabu chochote, na kamba yake, kwa sababu huwezi kuwa unaipapasa mfukoni ukiwa na glavu. Miguu iliuma, kisha ikazoea. Mgongo unataka adabu: pandisha kitanda kifike kiunoni, usimwinamie mgonjwa. Vijana wanainama tu. Watanikumbuka.

Kukariri ni kweli kumekuwa kugumu. Mishipa 12 ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, binti anayekaa mbele yangu aliisoma mara mbili kwenye basi akaimaliza. Mimi ilibidi niichore, niibandike ukutani, nimtumie mwanangu kama kielelezo, nimwambie angaza macho, toa ulimi, inua mabega. Kilichonishangaza ni upande wa pili. Jambo likishakuwa na sababu, halinitoki. Ukinieleza kwa nini mgonjwa wa moyo anavimba miguu, sihitaji kusoma tena.

Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo ni kuogesha. Nilidhani ugumu utakuwa kwa wagonjwa wanawake, na kweli pale kuna taratibu zake, unaomba ruhusa, unakwenda na mwenzako wa kike, au unampisha kabisa. Lakini ugumu wenyewe niliukuta kwa wanaume wa rika langu. Mgonjwa mmoja, mtu mzima, mwenye familia, alikuwa anaogeshwa na wanafunzi vijana akipiga nao soga. Nilipofika mimi na beseni aligeuza uso ukutani. Kijana kwake alikuwa kama mtoto wa nyumbani. Mimi nilikuwa mtu ambaye wangeweza kukutana barazani wakabishana habari za mpira. Sikumlazimisha. Nilimpa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu aoshe uso na kifua mwenyewe, nikamfunika sehemu zote isipokuwa ile tunayoosha, na tulipofika mgongoni nikaanza kumweleza ninachotafuta: wekundu kwenye kitako, kwenye nyonga, kwenye visigino, mahali mfupa unapobana ngozi na godoro. Nikamwonyesha kwa kidole changu mwenyewe jinsi ngozi nzima ikibonyezwa inavyopauka kisha rangi inarudi, na kwamba isiporudi, au wekundu ukibaki palepale, kidonda kimeanza. Akaanza kuuliza maswali. Kesho yake yeye ndiye aliyeniita: "Fundi, saa mbili zimepita, nigeuze." Jina hilo nililipenda kuliko daktari.

Darasani wananiita mzee, na hilo nimelikubali. Walitaka niwe kiongozi wa darasa wiki ya kwanza, kwa sababu zilezile za nywele, nikakataa. Anayefaa ni yule anayejua mambo ya chuo, na mimi hata kupakia kazi kwenye mtandao nilifundishwa na mtoto wa miaka 19.

Kuna watu wa umri wangu wananiuliza kama nao waanze. Siwezi kumjibia mtu. Nitasema tu yale ambayo ningependa kuyajua mapema. Piga hesabu za nyumba kwa miaka yote ya masomo bila mshahara wako, siyo mwaka wa kwanza tu, na uzipige pamoja na mwenzako, mezani, kwa karatasi. Ulizia masharti ya kujiunga, hasa masomo ya sayansi, maana wengine wanalazimika kurudia biolojia na kemia kwanza. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze mapema: ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu zinazochukua miezi sita, na vyuo vingi havikupeleki wodini bila hiyo. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, ya kubandika kifuani, kwa sababu ya mkononi utavuliwa siku ya kwanza, ili unawe mikono vizuri mpaka juu ya vifundo. Na kama umezoea kuwa bosi mahali, jizoeze kusema "naomba unionyeshe tena" kwa mtu mdogo kwako. Mimi nilidhani ninaweza kwa kuwa ni mpole. Upole ni kitu kingine.

Wiki ijayo tunahamia wodi ya watoto. Huko kila dozi ni kwa uzito: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180, na kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, unavuta mililita 7.5. Sista amesema nitayaandika mahesabu yote na yeye atayakagua moja moja kabla sijagusa chupa. Pia ameniambia nisijisumbue na mvi. Watoto wanalia wakiona sare, mvaaji awe nani.