Herufi mbili nyuma ya chupa ya oili

Skuta yangu ni ya cc 125, ya kupozwa kwa hewa, na injini yake inabeba oili mililita 800 tu. Haijai hata chupa ya lita moja. Gari dogo lina lita tatu au nne za kugawana kazi hiyo. Skuta ina hicho kidogo, na hicho hicho ndicho kinacholainisha, kinachopoza na kinachobeba uchafu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema “weka oili yoyote, ni skuta tu”, naumia.

Na mimi nilikosea, tena miaka miwili mfululizo. Nilikuwa naweka 20W-50 iliyoandikwa MA2 kwa sababu fundi alinishauri kwamba injini ikianza kuzeeka inataka oili nzito. Ni fundi mwenye mikono mizuri na nia yake ilikuwa njema. Lakini kila asubuhi selfu ilikuwa inavuta kwa taabu, na mwendo wa mwanzo skuta ilikuwa kama imefungwa kamba nyuma. Nilidhani ni betri. Nikabadilisha betri, hali ikabaki ile ile.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha skuta, kile kinachokaa chini ya kiti bila kufunguliwa. Kiliandika 10W-30, JASO MB.

Hizo herufi ndizo nataka tuzielewe. JASO ni viwango vya Kijapani, na kile cha oili za pikipiki za viharusi vinne, T 903, kilianza mwaka 1998. Pikipiki nyingi za gia zina klachi inayooga kwenye oili ile ile ya injini. Oili ikiwa telezi kupita kiasi, sahani za klachi zinateleza: injini inanguruma, pikipiki haiendi. Ndiyo maana kuna MA, MA1 na MA2, oili zinazoiacha klachi ishike. MB ni ile yenye msuguano mdogo zaidi, na kwenye pikipiki ya klachi ya namna hiyo usiiweke kabisa.

Skuta ya belti, ile isiyobadilishwa gia, ni habari nyingine. Siku niliyobadilisha belti nilifungua kava la kushoto mwenyewe, nikapiga magoti nikatazama ndani. Vumbi jeusi la belti lilikuwa limetanda kila kona. Klachi ilikuwa pale nyuma, upande wa tairi, na viatu vyake vikavu kabisa. Nilipitisha kidole, kikatoka na vumbi, hakikutoka na oili. Hapo nikaelewa kwa nini kitabu kinasema MB: klachi haiguswi na oili, kwa hiyo hakuna sababu ya kuinyima injini utelezi. Ukiweka MA2 yenye namba sahihi hutaiua skuta, injini italindwa vizuri tu, ila unaunguza petroli zaidi kidogo bila faida yoyote.

Kwenye namba, ile yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Kadiri ya kwanza inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, ukiwasha asubuhi. Vitabu vingine vinaruhusu 10W-40 kwenye joto kali. Fuata jedwali la kitabu chako, si umri wa injini. Kuhusu herufi za API, kiwango cha Kimarekani cha ubora wa oili, yaani SL, SM, SN na kuendelea, ya mbele zaidi ni mpya zaidi, na inayotajwa kitabuni ndiyo ya chini kabisa unayoruhusiwa.

Sasa kipimo, maana oili nzuri ikiwa pungufu haikusaidii. Kijiti cha skuta yangu kinapimwa kwa kuegeshwa tu kwenye tundu, bila kukikaza. Mimi nilikuwa nakikaza hadi mwisho ndipo nakisoma. Kikikazwa kinazama zaidi, kwa hiyo kila mara kilinionyesha oili imejaa. Siku niliyoimwaga kwenye jagi la vipimo, nikiiacha ichuruzike hadi tone la mwisho, ilitoka mililita 550. Nilibaki nimeshika lile jagi, nikihesabu safari zote nilizopanda milima na oili ile. Kuna skuta ambazo kijiti chake lazima kikazwe ndipo usome, na ukikiegesha tu utaona pungufu na kuijaza kupita kiasi, oili ya ziada itapandia kwenye filta ya hewa. Soma yako inatakaje. Isimamishe kwa stendi ya kati, iungurume dakika chache, izime, subiri oili ishuke, ndipo upime.

Nyuma kwenye tairi kuna gia ndogo zenye oili yake peke yake, kwangu mililita 120 za 80W-90. Ina bolti yake. Usiichanganye na ya injini. Na kama skuta yako ni ya viharusi viwili, haya yote ya MA na MB hayakuhusu. Tafuta JASO FC au FD, na achana na oili ya boti ya TC-W3, hiyo ni ya injini za kupozwa kwa maji.

Nimebandika kipande cha tepu nyeupe chini ya kiti, cha kuandikia kila ninapobadilisha oili. Cha mwisho nilichoandika kwa kalamu ya wino mzito ni: kilomita 31,240, 10W-30 MB, mililita 800. Na selfu asubuhi hii imeshika mara moja.