Faili la kiinitete chenye hatari: lisome hivi kabla ya kusaini

Nchini Marekani, anayetaka kuasili viinitete (mimba changa zilizotungwa maabara, zikagandishwa, na wenyewe hawazihitaji tena) hupewa faili kabla hajapewa kitu kingine. Mengi yanasomeka bila shida: umri, urefu, rangi ya macho, "hakuna ugonjwa wa kurithi". Machache yana alama: mtoaji (mwenye yai au mwenye mbegu) ni mbebaji wa selimundu (sikoseli), yaani ana jeni yake bila kuugua, bibi alikufa kwa ugonjwa wa Huntington (ugonjwa wa ubongo unaorithiwa), kiinitete ni mosaiki, mtoaji wa yai hapatikani tena. Hayo ndiyo hukaa rafuni muda mrefu. Shirika la Nightlight, lililoanzisha mpango wa Snowflakes mwaka 1997, lina hata kitengo maalumu kwa viinitete ambavyo ni vigumu kupata familia.

Msimamo wangu ni huu: faili lenye alama mara nyingi ni salama kuliko faili jeupe. Alama ina maana kwamba kuna mtu aliuliza na mwingine akajibu. Viinitete vingi vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 viligandishwa kabla ya kipimo kimoja kinachoangalia ubebaji wa magonjwa mengi kuwa cha kawaida. Palipoandikwa "hakuna", soma "hatukupima" mpaka uone karatasi ya maabara. Kwa mayai ya kununuliwa hali ni mbaya zaidi, maana fomu ilijazwa na msichana wa miaka 22 ambaye wazazi wake walikuwa bado wazima. Presha, kisukari na saratani za ukoo wake huenda vilijitokeza miaka kumi baadaye, na hakuna aliyerudi kuandika.

Swali la kwanza ni umri wa mwenye yai siku yai lilipotolewa. Hatari ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Down (kromosomu ya 21 iliyozidi) hufuata umri huo, si umri wa mama atakayebeba mimba: karibu 1 kwa 1,250 akiwa na miaka 25, 1 kwa 350 akiwa na 35, 1 kwa 100 akiwa na 40. Mama wa miaka 43 aliyepokea kiinitete cha yai la miaka 27 anabeba hatari ya miaka 27. Miaka ya kukaa kwenye tangi haiongezwi. Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri hakuna kinachoendelea ndani ya seli, na mwaka 2025 huko Ohio alizaliwa mtoto kutoka kiinitete kilichogandishwa mwaka 1994.

Swali la pili ni namna ugonjwa unavyorithiwa. Neno "hatari" peke yake halina kazi hapa.

Nianze na selimundu, kwa sababu ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili, wa nyumbani na walio Minnesota au Texas. Tanzania iko miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani kwa wingi wa watoto wanaozaliwa nayo, na kwa Wamarekani weusi mtoto 1 kati ya 13 huzaliwa akiwa mbebaji. Watoaji wote wawili wakiwa AS (wabebaji: jeni moja ya himoglobini A ya kawaida, moja ya S ya selimundu), kila kiinitete kina asilimia 25 ya kuwa SS (mgonjwa), 50 ya kuwa AS na 25 ya kuwa AA (mzima). Watu hukosea hapa: wakiwa na viinitete vinne hudhani kimoja ndicho kibovu na vitatu vizima. Kila kiinitete ni shilingi inayorushwa upya. Kwenye kundi la vinne, uwezekano wa kutokuwepo SS hata kimoja ni kama asilimia 32, na kile utakachowekewa wewe kina asilimia 25 yake bila kujali ndugu zake.

Ikiwa mtoaji mmoja ni AS na wa pili hakupimwa, usikae na neno "huenda". Piga hesabu. Kama wa pili ni Mmarekani mweusi, hatari ni 1/13 mara 1/4, yaani 1 kwa 52, chini kidogo ya asilimia 2. Kama ukoo wake ni wa Kanda ya Ziwa au Pwani ya Tanzania, namba inapanda, maana ubebaji huko ni mkubwa zaidi. Sasa muulize mratibu: huyu mtoaji anaweza kutoa damu leo? Watoaji wengi wanapatikana, hawajaombwa tu.

Damu ikipatikana, angalia ni kipimo gani kimefanywa. Kile cha haraka cha kuchanganya damu na dawa huonyesha kama kuna himoglobini S, basi. Hakitofautishi AS na SS, na hakioni himoglobini C (aina nyingine yenye kasoro) wala thalasemia ya beta (upungufu wa himoglobini wa kurithi). Mtoaji anaweza kutoka "hana sikoseli" huku amebeba C. Akikutana na mwenzake AS, mtoto anaweza kuwa SC, naye ni mgonjwa. Dai elektroforesisi ya himoglobini au HPLC (vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini), pamoja na picha kamili ya damu. Chembe nyekundu zikiwa ndogo kuliko kawaida na madini ya chuma yapo ya kutosha, thalasemia lazima ichunguzwe.

Magonjwa yanayoweza kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu yana hesabu nyingine. Mtoaji mwenye badiliko la jeni ya BRCA1 analipitisha kwa nusu ya viinitete, na mwanamke aliyelirithi ana zaidi ya asilimia 60 ya kupata saratani ya titi katika maisha yake. Wala si ugonjwa wa utotoni, kwa hiyo mtoto wa miaka saba hapimwi. Anaambiwa akikua, na ufuatiliaji wa titi kwa MRI huanza kama miaka 25.

Huntington ndiyo ngumu kuliko zote. Faili likisema "baba wa mtoaji anao, mtoaji hajapimwa na hataki kupimwa", hatari ya kiinitete ni asilimia 25. Mtoaji akiwa ameshafika miaka 55 bila dalili, inashuka. Lakini ukikipima kiinitete moja kwa moja na jibu likatoka baya, umempa mtoaji jibu alilolikataa. Maabara zinayo njia ya kukwepa hilo: huangalia tu kama kipande cha kromosomu ya 4 kimetoka kwa babu mgonjwa au kwa bibi, bila kugusa hali ya mtoaji mwenyewe. Inahitaji damu ya jamaa kadhaa, na inatupa pia viinitete ambavyo vingekuwa vizima.

Himofilia (damu kutoganda) na Duchenne (kudhoofika kwa misuli) hupitia kromosomu ya X. Mwenye yai akiwa mbebaji, nusu ya wavulana wataugua na nusu ya wasichana watabeba. Kama kiinitete kilishapimwa kromosomu, jinsia inajulikana tayari, na hatari ya asilimia 25 inageuka kuwa 50 au karibu na sifuri kwa kusoma mstari mmoja wa ripoti.

Yanayobaki ni yale ya jeni nyingi pamoja na mazingira. Mzazi mmoja mwenye skizofrenia huipandisha hatari ya mtoto kutoka karibu asilimia 1 hadi karibu 10. Baba mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kama 1 kwa 17. Mdomo sungura kwa mtoto wa kwanza wa watoaji, asilimia 3 hadi 5 kwa ndugu yake. Binafsi naona hofu inayozunguka kundi hili ni kubwa kuliko namba zake. Na kuna taarifa ambayo wapokeaji husahau kuidai: mara nyingi watoaji wana watoto waliozaliwa kutoka kundi lilelile la viinitete. Afya ya ndugu hao wa damu moja inaeleza mengi kuliko dodoso lolote.

Ukiona "mosaiki", maana yake seli 5 hadi 10 zilizokatwa kwenye sehemu itakayokuwa kondo la nyuma zilichanganyika, nyingine sawa na nyingine zenye kromosomu pungufu au zilizozidi. Maabara nyingi hutumia neno hilo pale kiwango kinapokuwa kati ya asilimia 20 na 80. Uliza kiwango, na uliza kromosomu ipi. Chini ya 40 na kromosomu isiyo 13, 18 wala 21 ni habari tofauti kabisa na 70 kwenye 21. Viinitete vya mosaiki hushika mimba kwa kiwango cha chini na mimba huharibika zaidi, ila wanaozaliwa kwa kawaida ni wazima. Mtaalamu atapendekeza kuchukua maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kwa sababu kipimo cha damu ya mama husoma kondo, na kondo ndipo tatizo lilipoonekana.

Alama ya maambukizi watu huiogopa bure. Kanuni za FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, zinataka watoaji wapimwe VVU, homa ya ini B na C, kaswende na mengineyo. Wanandoa waliotengeneza viinitete kwa matumizi yao wenyewe hawakulazimika kupimwa wakati ule, hivyo vyombo vyao hubandikwa onyo. Wakipimwa sasa na kuonekana hawana, onyo linabaki kwenye lebo ila uzito wake unapungua sana.

Je, ukipime kiinitete kilichokwisha kugandishwa? Hapa ndipo fedha na matumaini hupotelea. Lazima kiyeyushwe, kikatwe seli, kigandishwe tena, kisubiri majibu, kiyeyushwe mara ya pili. Kilichogandishwa siku ya 3 tangu yai kurutubishwa lazima kwanza kikuzwe hadi siku ya 5 au 6, na vingi haviifikii. Kwa ugonjwa wa jeni moja, maabara inahitaji pia vinasaba vya watoaji wote wawili ili kuandaa kipimo, na maandalizi huchukua wiki kadhaa. Ukianza na vitatu, unaweza kubaki mikono mitupu. Kwa kundi la vinane vya siku ya 5 vyenye hatari ya asilimia 50, ningepima. Kwa viwili vyenye asilimia 25 ya ugonjwa unaotibika, nisingepima, ila ningejiandaa kumpokea mtoto mgonjwa. Soma pia mkataba: baadhi ya mashirika ya Kikristo hayaruhusu kukitupa kiinitete kwa sababu ya majibu, na hapo kipimo kinakuwa cha kujua tu.

Namna ya kugandisha nayo ni hatari, ingawa haiandikwi kwenye ukurasa wa afya. Vilivyogandishwa kwa haraka, njia iliyoenea baada ya 2005, hunusurika zaidi ya asilimia 90. Vya njia ya polepole hupungua zaidi, na vinahitaji dawa na hatua zilezile za maabara ya mwanzo. Omba karatasi ya maelekezo isafiri pamoja na tangi. Vichupa vya kioo vya zamani vilivyofungwa kwa moto vinaweza kupasuka vikipashwa, endapo nitrojeni ilipenya ndani. Maabara nyingine huvikataa kabisa, kwa hiyo uliza kabla hujalipia usafiri.

Maandalizi ya mji wa mimba ni yaleyale ya kawaida: homoni ya estradioli, mara nyingi miligramu 6 kwa siku kwa wiki mbili hivi, ukuta ufike angalau milimita 7, kisha projesteroni, na kiinitete cha siku ya 5 kuwekwa baada ya siku tano kamili za projesteroni. Kinachobadilika ni kliniki ya wajawazito. Kiinitete hiki hakina damu ya mama hata kidogo, na hatari ya preeklampsia (presha hatari ya ujauzito) huongezeka. Zungumza na daktari kuhusu aspirini ya miligramu 81 kila siku kuanzia wiki ya 12. Mama mwenye kundi la damu hasi apewe sindano ya kinga wiki ya 28, kundi la damu la mumewe halisaidii kitu hapa. Na kwenye fomu ya kipimo cha kromosomu cha damu ya mama cha wiki ya 10, andika umri wa mwenye yai, la sivyo hatari itakokotolewa kwa umri usio wake. Kipimo hicho cha kawaida hakioni selimundu. Anayetaka kujua mapema anachukuliwa chembe za kondo kati ya wiki ya 10 na 13.

Mtoto akizaliwa Marekani, kisigino huchomwa na selimundu huangaliwa katika majimbo yote tangu 2006. Akiwa SS, penisilini ya miligramu 125 mara mbili kwa siku huanza kabla ya miezi mitatu, hidroksiurea kuanzia miezi tisa. Kama kliniki ya damu ya watoto iliyo karibu nawe iko saa nne kwa gari, hilo nalo ni sehemu ya uamuzi wako leo.

Kwa Waislamu wa Pwani na Ghuba niseme kwa kifupi: wanazuoni wengi wa Sunni hawaruhusu kiinitete cha watu wengine ndani ya ndoa, ingawa Iran ina sheria inayoruhusu tangu 2003.

Mwisho ni mkataba. Karibu kote Marekani huu si uasili mbele ya mahakama bali makabidhiano ya kimkataba. Georgia ilipitisha sheria yake ya kuasili viinitete mwaka 2009. Sheria ya GINA ya 2008 inazuia bima ya afya na mwajiri kutumia vinasaba dhidi ya mtu, lakini haigusi bima ya maisha, basi ikate mapema. Kisha dai kifungu cha kupashana habari za afya kwa pande zote mbili, chenye anwani ya mtu wa kati itakayoendelea kufanya kazi hata kliniki ikifungwa. Mtoaji akigundulika na saratani ya utumbo akiwa na miaka 45, wewe unapaswa kujua. Na mtoto wako akigundulika na ugonjwa wa jeni, ana ndugu wa damu moja mahali fulani ambao daktari wao hana habari.