Penydarren: hatimaye reli zimekatika

Jana jioni modeli yangu ya garimoshi la mvuke la Richard Trevithick, mhandisi wa Uingereza, iliacha njia kama nilivyotaka: reli ilikatika chini ya gurudumu la mbele, injini ikazama upande mmoja, na mabehewa matano yenye shehena ya chuma yakasukumana mpaka la pili likalala ubavu. Nimefurahi mno.

Tarehe 21 Februari 1804 injini ile ya takriban tani 5, isiyo na springi, ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 kutoka Penydarren hadi Abercynon, huko Wales. Injini ilifaulu, zilizoshindwa ni reli, zikavunjika chini ya uzito wake, kwani zilisubiwa kwa ajili ya mabehewa ya farasi. Kila kipande cha umbo la L, chenye urefu wa futi 3 hivi, kilikalia vitalu vya mawe bila taruma la kuunganisha pande mbili, ili farasi apate pa kupita katikati.

Reli zangu za zinki zilikataa kabisa kuvunjika. Katika kipimo cha 1:16 uzito hupungua mara 4,096, ilhali eneo la mkato wa reli hupungua mara 256 tu, kwa hiyo modeli yenye umbo sahihi huwa imara mara 16 kuliko reli halisi. Nilihitaji kitu dhaifu kinachokatika ghafla bila kupinda, na plasta ya jasi ndiyo iliyofaa, kwa kuwa, kama chuma cha kusubu, huhimili kugandamizwa lakini haihimili kuvutwa. Imwageni katika kalibu ya silikoni. Kalibu za printa ya 3D sizipendi hata kidogo, kwani mistari yake ndiyo huamua plasta ikatikie wapi.

Hata hivyo plasta nayo ilikaidi, mpaka nilipoinamisha kitalu kimoja kwa kutoa mchanga chini yake. Kimo cha ncha mbili za reli kilitofautiana kwa unene wa ukucha, gurudumu likadondoka kwenye kiungo, na ufa ukaanzia kwenye tundu la msumari.

Sanamu za abiria zitasubiri. Sasa nanyoosha waya wa lehemu kuiga reli za mhandisi John Birkinshaw za 1820, za chuma cha kufuliwa, ambazo hupinda kabla ya kukatika, nizipitishe juu ya kitalu kilekile.