Vyeti vitano ukutani, na keki zinabonyea

Ukiingia kwenye duka langu la keki na mikate, Umoja, Nairobi, utaona vyeti vitano nyuma ya kaunta, vimetiwa fremu. Kimoja changu, vinne vya vijana wangu. Vilipotundikwa, jikoni tulikuwa sita. Wa sita ni fundi wa oveni, na yeye hana cheti. Habari hii ni yake.

Mwaka juzi niliingiwa na hamu ya kusomesha watu. Nikanunua kozi ya kuoka mtandaoni, ya walimu wa ng'ambo, video arobaini na ushei. Nikalipia watu sita kwa dola, na mwenye duka dogo anajua dola inavyouma. Nikawaambia, "Mna mwezi mmoja. Mkifika nyumbani jioni, someni." Nilijiona mwajiri wa maana kweli. Mtu ameingia kazini saa kumi na moja alfajiri, ametoka saa kumi jioni, amesimama ndani ya matatu mpaka Dandora, halafu nataka anunue bando kwa pesa yake amtazame Mzungu akichekecha unga!

Wiki ya tatu vyeti vikaanza kuingia. Nikavipeleka kwa fundi wa fremu siku hiyo hiyo. Walipokuja kunizoea ndipo wakanitobolea siri. Dada wa kaunta aliwasha video, akaiacha simu kitandani, akaenda kuoga. Mwingine aliongeza kasi mara mbili, mwalimu akawa anaongea kama mtu wa mnada. Majibu ya mtihani walitumiana kwa WhatsApp. Na mimi, maana hapa ni kwangu naweza kusema, nilizitazama kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye hesabu za unga.

Keki zikaendelea kubonyea.

Asiyeoka nimweleze. Keki ya vanila ya kilo moja unaiingiza ovenini, dakika ishirini za kwanza inakutia moyo. Ukichungulia kwenye kioo imepanda kama kofia ya mzee. Inapokaribia kuiva, katikati inaanza kuzama taratibu, kingo zikibaki juu. Unatoa bakuli. Sisi shimo lile tulikuwa tukilijaza krimu. Mteja hajui, tena anasifu krimu ilivyo nyingi, lakini krimu ni pesa.

Shimo hilo nilihamia nalo Nairobi, nikidhani ni mkosi wangu. Mimi ni mtu wa Mombasa. Keki ya mayai ya marehemu mama yangu, moto juu moto chini, sikumbuki hata siku moja imezama. Nilipokuja huku mapishi yale yale yakanigeuka. Kwanza nikalaumu unga. Kisha mayai ya gredi. Kisha tini za keki nilizotengenezewa Kamukunji, maskini wale mafundi niliwarudia mara mbili. Mwisho nikamlaumu fundi.

Na fundi alikuwa nyuma. Wenzake wana vyeti, yeye yuko somo la tatu, tovuti imemwandikia asilimia saba. Nilimsema mbele ya wenzake, jambo ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. "Wenzako wamemaliza, wewe wasinzia?" Hakunijibu.

Siku ya pili yake akaja na simu. "Mama, hebu sikia hapa."

Mwalimu yuko kwenye kupima. Anapima huku anaongea, na katikati ya maongezi anapitisha sentensi moja tu: anayekaa mahali palipoinuka sana, bekin pauda aipunguze. Basi, akaingia kwenye mayai. Ni sekunde chache. Tuliokwenda mbio wote watano tuliipita hapo.

"Sisi si tuko juu?" fundi akaniuliza.

Tuko juu, tena sana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa, hapa yanachemka yakifika 94 hivi, na ndiyo sababu maharage ya huku yanamaliza gesi. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo gesi ya bekin pauda inatanuka kwa pupa. Keki inapanda kabla haijaota mifupa. Gesi ikishatoka, haina cha kusimamia, inakaa chini. Miaka yote ile mimi nagombana na wauza unga.

Kumbe alikwama somo la tatu kwa sababu alikuwa akilifanya. Kila jioni baada ya kuosha vyombo alikuwa akioka keki moja ndogo kwa unga uliobaki kwenye mifuko, na matokeo anayaandika kwenye daftari la kurasa 32, lile la watoto wa shule. Ukurasa wa mwisho, wenye doa la siagi: bekin pauda vijiko vinne vya chai viwe vitatu, maziwa ongeza vijiko viwili vya mezani, sukari punguza kidogo, moto toka 180 hadi 190 ili ishike mapema.

Tukaijaribu alasiri ile ile. Tuligeuza kreti za maziwa tukakalia mbele ya oveni, sita sisi, kama tunatazama mpira. Haikupanda kwa mbwembwe. Ilijivuta, ikajivuta, ikafika mahali ikatulia. Tulipoitoa hakuna aliyesema kitu. Ilipopoa nikalaza kisu juu yake, ubapa, toka ukingo mpaka ukingo. Hapakuwa na mwanga chini ya kisu.

Nilifurahi usiku mmoja, asubuhi nikaanza kupiga hesabu. Kwa kila mfanyakazi nalipa ada ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi. Watu watano, 3,000 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa anaweza kuomba arejeshewe gharama za kusomesha watu wake, ila sharti aombe kibali kabla, na mwalimu awe amesajiliwa nao. Hayo niliyajua vyeti vikiwa tayari vimepigiliwa misumari. Ofisi zao ziko Commercial Street, Industrial Area. Toka kwangu ni safari fupi, msongamano ukikuhurumia.

Yule dada aliyekwenda kuoga nisimwache na jina baya. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara anayetaka gharama zake zikubaliwe na KRA, watoza kodi wa Kenya, anahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Shule moja tunayoipelekea mikate ikagoma kulipa ya wiki tatu mpaka tuilete hiyo ankara. Dada akachukua simu, akatafuta video, akarudisha nyuma kipande kimoja mara sita huku mhasibu wa shule akipiga kila saa. Kufikia jioni ankara ilikuwa imetoka. Tangu hapo ndiye mwalimu wangu wa eTIMS. Hilo hakulitolea cheti mtu.

Siku hizi tunasoma Jumanne saa nane mchana, wakati wateja wameadimika. Ni saa ya kazi, inalipwa, na intaneti ni ya duka. Tunatazama dakika tatu, tunasimamisha, tunapima. Kuna Jumanne kipande kimoja kinamaliza saa nzima, na sioni haja ya kukimbizana. Stima zikipotea tunafungua daftari. Fundi naye huturekodia vipande vifupi kwa simu, vya dakika mbili, uso wake hauonekani, ni mikono tu na sauti: "Hapa usikoroge kama uji wa mtoto. Kunja. Kunja tena. Wacha." Tunavitia kwenye kundi letu, na kijana mpya aliyeingia juzi ameanzia hapo.

Tovuti ya ile kozi haijamsahau fundi. Kila mwezi inamwandikia kumhimiza arudi, kwamba wenzake wako mbali. Jana ameniletea simu, mikono imejaa unga, akanyoosha kidole kimoja kwenye kioo. Bado asilimia saba. Akaniomba nimfutie, simu isichafuke.