Kumbukumbu ya mradi: Je, maparachichi yetu ya Tukuyu yanafika gramu 200?

Dalali anayenunua kwa baba ana wimbo uleule kila msimu: "Mzee wangu, mzigo wako mdogomdogo, wastani haufiki gramu 200." Akishasema hivyo, bei inashuka kwa shamba zima. Hiyo 200 ina sababu yake. Katoni ya Hass, aina ya parachichi, ya kusafirisha nje huwa ya kilo 4, na tunda la gramu 200 huingia 20 kwa katoni. Baba naye humjibu kwa kuchomoa lile nene kuliko yote kwenye tenga na kumwekea usoni. Wanaweza kushinda hapo hadi mvua iwafukuze. Mimi nina mzani wa jikoni na daftari, basi nikajitwisha kazi.

Kabla ya kuchuma hata moja niliandika ukurasa wa kwanza. Dhana ya kuanzia: wastani wa shamba ni gramu 200. Dhana pinzani: uko chini ya hapo. Kiwango cha kosa: asilimia 5, yaani hata kama wastani ni 200 kweli, nakubali uwezekano wa 5 kwa 100 wa kumpa dalali ushindi asiostahili. Haya huandikwa mapema, maana ukishaona namba utachagua dhana inayokufurahisha.

Mzani niliujaribu kwa maji. Bomba la sindano la mililita 10, mara 20, yaani gramu 200 za maji, kwenye bakuli jepesi lililosawazishwa kuwa sifuri. Ulisoma 199, nikarudia, ukasoma 201. Unatosha.

Jaribio dogo

Matunda 16. Wastani 191, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matunda yanavyotawanyika kuzunguka wastani) 24. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, kwa hiyo kosa la wastani, yaani kadiri wastani wa sampuli unavyoweza kuyumba, ni 24 ÷ 4 = gramu 6. Tofauti ya 9 kutoka 200, gawanya kwa 6, ndiyo t, yaani tuko makosa ya wastani mangapi kutoka 200: t = −1.5, hasi kwa kuwa tuko chini. Jedwali la t kwa digrii huru 15 (idadi ya matunda toa moja), upande mmoja kwa kuwa tunauliza kama uko chini tu, linataka ishuke chini ya −1.753. Haikushuka.

Baba akapiga makofi. "Si umeona? Ni 200!" Hapana, baba. Kushindwa kuikataa 200 si kuithibitisha. Namba hizohizo zisingeikataa 195, wala 185. Sampuli ilikuwa ndogo mno kuzitenganisha.

Msingi wa jedwali hilo tumeachiwa na William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Sampuli ndogo zilikuwa zinawapotosha waliotumia mkunjo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, naye mwaka 1908 akachapisha suluhisho lake kwa jina la bandia la Student. Mtengeneza bia kumsaidia mkulima wa Rungwe, wilaya yetu, si haba.

Sampuli kubwa

Ule mkengeuko wa 24 ndio faida niliyoitaka kwenye jaribio dogo, maana ndio unaoniambia nipime matunda mangapi. Nikitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti ya gramu 10 iwapo ipo, hesabu inadai matunda 36 hivi. Zile 16 za mwanzo sikuzichanganya humo. Kuongeza tunda mojamoja huku unachungulia t mpaka ikupendeze ni wizi, hata kama mkono haujaingia mfukoni mwa mtu.

Kuchuma ndiko kulikonitoa jasho. Mkono unapenda matawi ya chini na jicho linapenda makubwa. Miti ni 12, kila mmoja ukatoa matatu: chini, katikati, kileleni. Mdogo wangu alichomoa vizibo vya soda vyenye namba kwenye kofia, na namba ndiyo iliyotuambia tawi la ngapi. Ya kileleni tulitumia ufito mrefu wenye kimfuko cha wavu, na kila tunda likabaki na kikonyo kifupi.

Matokeo: wastani 190, mkengeuko 25. Kosa la wastani 25 ÷ 6 = 4.17. t = −2.4, na mpaka kwa digrii huru 35 ni −1.69. Dhana ya 200 imekataliwa. Wastani wa shamba, kwa uhakika wa asilimia 95, uko kati ya gramu 181.5 na 198.5.

Dalali alishinda, nami nikamwambia mbele ya baba. Lakini nilimfungulia pia ukurasa wa pili: kati ya 36, matunda 13 yamezidi 200, na moja limefika 243. "Kaka, wewe unapanga katoni kwa tunda au kwa wastani?" Akacheka, akasema kwa tunda. "Basi kwa nini haya 13 unayalipia bei ya wastani?"

Hakunijibu bei. Aliomba kuuona ule mzani, akaweka juu yake tunda lake mwenyewe.

Kinachofuata: sanduku la mbao lenye matundu mawili ya kuchambulia kwa ukubwa, na kupima upya mti kwa mti. Miti miwili ya karibu na migomba naishuku kwamba ndiyo inayoshusha wastani, ila matunda matatu kwa mti hayatoshi kumshtaki mtu.