Nilivyojiundia msumeno wa mgongo hapa Lamu

Kasha la kuungwa pembe kwa pembe bila misumari linataka msumeno mfupi na mwembamba, wenye mgongo wa shaba wa kulikaza bamba, yaani chuma chenye meno, lisiyumbe. Msumeno wa kawaida wa dukani meno yake yamepindwa mno, na njia unayoiacha kwenye ubao ni pana. Maungio yakikutana yanabaki na mwanya. Wa mgongo sikuuona dukani mjini Lamu, na wa kuagizwa kutoka Uingereza au Marekani bei yake inanunua mbao za kasha zima. Nikaamua kuutafuta kipande kwa kipande.

Bamba ndilo nililolipata kwa wepesi. Watu hudhani lazima ununue chuma kipya cha springi, kumbe misumeno mingi ya zamani ni ya chuma hicho hicho, tena kimeshapikwa vizuri. Nilipata kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu msumeno mrefu wa Sheffield, Uingereza, uliovunjika mpini. Nilishika ncha nikaupinda, nilipouachia ukarudi kunyooka. Usingerudi ningeuacha pale pale. Misumeno mizuri ya zamani ina sifa moja ninayoipenda sana: bamba limesagwa likawa jembamba kuelekea mgongoni na nchani. Kwa hiyo sikukata kipande changu upande wa meno. Nilikikata juu, karibu na ncha, ambako kalipa, kile kipimo cha unene, ilisoma milimita 0.7.

Misumeno mipya ya bei nafuu nayo inafaa, ila itazame meno kwanza. Yakiwa na weusi au ubuluu nchani, yamekazwa kwa umeme, na tupa itateleza juu yake kama juu ya kioo. Ukanda huo wa meno ukate utupe, bamba lililobaki ni zima.

Nilikata kwa grenda yenye diski nyembamba, kidogo kidogo, kitambaa kibichi kikiwa karibu. Chuma hugeuka buluu kikifika kama digrii 300 za Selsiasi, na kikipita hapo kinalegea. Ukingo wote nikaumalizia kwa tupa bapa. Matundu ya boliti za kushikia mpini yanashinda biti za kawaida, kwa hiyo nilitumia biti ya vigae, yenye ncha ngumu, na kibao cha mti chini yake.

Shaba ya manjano ilitoka kwa watengeneza mashua: kipande bapa cha unene wa milimita 6, pamoja na boliti za shaba zilizotolewa kwenye chombo kikuukuu. Mfereji wa kuingizia bamba niliukata kwa msumeno wa kukatia chuma, nikiuongoza kwa vibao viwili. Mfereji huo hutoka mpana kidogo kuliko bamba, na hilo halina neno. Bamba likishaingia, unakaza mgongo kwenye jiriwa mpaka shaba iume. Gundi haihitajiki.

Mpini niliuchonga kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye kazi ya mlango. Nyuzi za ubao zifuate urefu wa pale mkono unaposhika, maana zikikatiza hapo mpini utavunjika siku yoyote. Upana wake uwe wa vidole vitatu, na cha shahada kinyooke kando kikielekeza msumeno.

Tupa ndiyo iliyonisumbua. Zinazouzwa huku ni kubwa, za kunolea panga na majembe, na pembe zake ni nene hata mashimo baina ya meno yanatoka mviringo. Kwa meno 12 katika inchi unataka tupa ya pembe tatu, ya inchi nne, ile nyembamba kabisa. Nilimwagiza binamu yangu Nairobi, akazitafuta Kirinyaga Road, zikaja kwa basi mpaka Mokowe na kuvuka kwa mashua. Nilitaka kadhaa kwa pamoja, kwa sababu chuma cha springi hula pembe ya tupa haraka na tupa butu huharibu meno yote yanayofuata. Kama una pesa kidogo, zipeleke hapa. Vingine vyote vimelala mitaani vikingoja kuokotwa.

Kupanga meno yalingane hakukuhitaji chombo maalumu. Wembe wa msumeno wa kukatia chuma wa meno 24 katika inchi niliubana ubavuni mwa bamba, nikatia alama kila jino la pili. Hapo unapata 12 sawasawa. Kwanza mikwaruzo myepesi kwenye alama zote, kisha duru ya pili ya kushusha, tupa ikiwa imenyooka kabisa kwa sababu huu ni wa kupasua kufuata nyuzi. Meno ya mwanzo kule nchani nimeyalaza nyuma zaidi ili msumeno uanze bila kurukaruka.

Koleo la kupindia meno niliazima kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani aliyechonga milango umri wake wote. Nikamuuliza, "Ami, nikipinda zaidi si utapita kwa wepesi?"

"Mwanangu, mti mkavu hautaki njia pana. Pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukishika mzizi, litavunjika."

Nikapinda kidogo mno, moja kulia moja kushoto. Nilipoupitisha kwenye mvule ulikwenda kwa mstari, na ubao ulipoachana uso wake haukutaka randa. Ami aliushika, akautazama kwa kuuelekeza kwenye mwanga wa mlango, akaingia ndani na kunitolea bamba lake la zamani. Hilo nitalichonga meno ya kukata kinyume cha nyuzi, tupa ikilazwa digrii 20 upande. Tupa moja haijaguswa, na shaba ya mgongo imebaki ya kutosha.