Dodoma siku ambazo waheshimiwa hawapo

Watu wengi ninaowafahamu Dar wameshafika Dodoma, lakini waulize wameona nini. Watakutajia ukumbi wa semina, chai ya saa nne, na benchi la kusubiria saini wizarani. Wanaingia Jumatatu, na Ijumaa mchana roho zao zimeshafika Kimara. Mimi nilitaka kuuona mji huu siku ambazo haumdai mtu kikao. Kwa hiyo, mwishoni mwa Agosti, nilipanda treni ya Ijumaa kuelekea kule wanakotoka wenzangu.

SGR, reli mpya ya kisasa, imeifanya safari hii iwezekane. Zamani basi lilikula siku nzima, ukifika una usiku mmoja wa kulala na asubuhi unatafuta tiketi ya kurudi. Treni za umeme zilipoanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, safari ikashuka hadi saa tatu na ushee au nne hivi, kutegemea umepanda ipi. Nilikata daraja la kawaida, shilingi 31,000. Kata mapema, maana wikiendi siti huisha, na usisahau kitambulisho. Fika stesheni na muda wa kutosha pia, mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege.

Omba siti ya dirishani. Hadi Morogoro unaweza kusinzia, hupotezi kitu, ila Kilosa uwe macho. Pale reli inaingia milimani, treni inamezwa na handaki, inatoka, inamezwa tena, na katikati unachungulia bonde la kijani na mto. Baada ya Gulwe mambo yanageuka ghafla. Udongo unakuwa mwekundu, miti inakuwa ya miiba, na mibuyu imesimama bila jani hata moja. Aliyelala Kilosa akaamkia Igandu anaweza kudhani amevushwa mpaka.

Binamu yangu, mtumishi aliyehamia na wizara yake na sasa hataki kusikia habari za kurudi Dar, alinipokea stesheni, ambayo iko nje kidogo ya katikati ya mji.

"Karibu makao makuu, kaka. Koti umebeba?"

Nilikuwa nimebeba. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Agosti hauna adabu. Mchana jua linachoma, jioni unatafuta sweta, na vumbi lipo saa zote.

Jumamosi haina mjadala, unakwenda mnadani Msalato. Uko kaskazini mwa mji, njia ya Kondoa, na daladala zinafika. Watu wa mjini huuzungumzia kama mahali pa nyama choma tu, jambo ambalo ni nusu ya habari. Kwanza ni mnada wa mifugo. Wafugaji wameingia na ng'ombe, mbuzi na kondoo, Wagogo na Wamasai wamesimama na fimbo zao, na wanunuzi wanamzunguka mnyama wakimbinya mgongo, wakimtazama meno, wakiondoka kwa dharau ya makusudi ili waitwe warudi. Bei haitajwi kwa sauti. Nilimwona mzee mmoja akikataa ofa kwa kugeuza uso tu, akaendelea kutazama mbali mpaka mnunuzi akaongeza mwenyewe.

Ukitoka kwenye mifugo unaingia kwenye mitumba, halafu sufuria, shanga, ndoo, kamba za katani, dawa za miti shamba zinazotibu kila kitu kwa mujibu wa kipaza sauti. Baada ya hapo ndipo unaona moshi. Nyama inachomwa kwa kuchomekwa kwenye vijiti virefu vilivyosimikwa kuuzunguka moto, haikai juu ya waya. Mafuta yanadondoka pembeni, moto hauiunguzi nyama, na mchomaji anageuza kijiti kimoja kimoja bila haraka.

"Shemeji, mguu au ubavu?" aliniuliza muuzaji, akiwa ameshaamua kwamba binamu yangu ni mke wangu.

"Ubavu, lakini uwe wa mbuzi kweli, usije ukanipa kondoo," binamu akajibu kabla yangu.

"Dada, ukimtilia mashaka mbuzi huyu utamkosea heshima."

Tulikula kwa mikono juu ya karatasi, na chumvi, pilipili na ndimu. Nenda saa nne au tano, kabla jua halijakaza na kabla magari ya watu wa mjini hayajajaa. Ukienda na nguo nyeupe, shauri yako.

Mchana tulirudi mjini. Katikati yake ni padogo, unapamaliza kwa miguu. Kwenye Nyerere Square, sanamu ya Mwalimu imesimama kwenye mji alioutaka na ambao hakuishi kuuona umekamilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulipitishwa mwaka 1973, chama kikiwa bado TANU. Bunge lilihamia 1996. Serikali yenyewe ilianza kuhama kwa dhati 2016, baada ya Rais Magufuli kuagiza, na miaka miwili baadaye manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Mpango wa kwanza wa mji, wa 1976, ulichorwa na wataalamu kutoka Canada, na ulifikiria mji wa watembea kwa miguu na baiskeli. Ukisimama pembeni ya barabara kuu ukasikiliza bodaboda zinavyopita, utajua michoro na watu ni vitu viwili.

Kinachosikika kuliko bodaboda ni habari za viwanja. Nilikaa kwenye kibanda cha chai, meza ya kushoto wanazungumzia kiwanja cha Ihumwa, ya kulia cha Nala. Hata fundi viatu alinieleza, bila kuulizwa, kwamba nimechelewa Mtumba lakini bado naweza kujaribu kwingine.

Karibu na hapo uko Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa 2010. Kwa ukubwa wake ni rahisi kuupata. Bunge nililipita kwa nje, milango imefungwa, mlinzi anapiga miayo.

Jioni panda mlima wa Simba, lile jabali lililo upande wa Area D. Si mlima wa kujigamba nao, lakini vaa viatu vyenye meno. Juu unaelewa jinsi Dodoma ilivyo: tambarare pana, vilima vya mawe vimetawanyika, mabati mapya yanang'aa hadi mbali, na majengo ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, yamekaa kwenye vilima vyake kama mji mwingine kabisa. Katikati ya mabati ule mji mdogo wa zamani wa reli ya Wajerumani ni kijisehemu tu.

Usiku tulialikwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya jirani. MC alikuwa mchoshi, hilo sitaki kulizungumza. Lakini katikati ya nyimbo za kwenye spika waliingia kina mama wa Kigogo na muheme, ngoma zimebanwa kati ya mapaja, mikono inapiga, mwili wote unacheza. Mkoa huu ndio uliomtoa Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa Kigogo duniani kwa zeze na marimba, na ukikaa karibu na kina mama wale unaelewa alitokea mahali ambapo watu wanakuwa wanamuziki kabla hawajaenda shule.

Jumapili kifungua kinywa kilikuwa ugali wa uwele na mlenda uliopikwa na karanga. Kwa sisi wa pwani mlenda ni mtihani. Nilifaulu, na nikaongezewa.

Kisha tukaenda Mpunguzi, barabara ya Iringa, kuona zabibu. Ardhi hii kavu inazaa zabibu mara mbili kwa mwaka, na Agosti ni moja ya misimu hiyo. Bustani zimo katikati ya vichaka, mizabibu imefungwa kwenye nyaya, udongo chini mwekundu kabisa. Mwenye shamba alituchumia mwenyewe. Alisema shida yake si kulima, ni soko: viwanda vya mvinyo vikichelewa kununua, zabibu haingoji. Ndiyo maana barabarani utauziwa beseni zima kwa bei ya kumwonea huruma. Nunua kwake, usimpunguzie.

Kolo sikwenda, na sikushauri uibane kwenye wikiendi moja. Michoro ile ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006, iko mbele ya Kondoa mjini, na kwenda na kurudi ni siku nzima kabla hujapanda mlima wenyewe. Omba Jumatatu ya likizo, lala Kondoa, uende na mwongozaji asubuhi.